Ufunguo wa Kabati la Awali

Mchwa wamekula vitabu mia moja na viwili vya watoto wa darasa la awali. Kabati lililokuwa na vitabu hivyo nililitengeneza mimi, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwangu, umefungwa kwa kamba ya kiatu.

Naitwa Eliakimu. Ni fundi seremala, nina banda langu la kazi nje kidogo ya Ihumwa, upande wa reli. Kwa miaka sita nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ya msingi. Mwenyewe niliishia darasa la tano. Wazazi walinichagua kwa sababu nasema jambo bila kulizungusha, na kwa sababu dawati likivunjika sisubiri barua kutoka wilayani.

Vitabu vililetwa mwezi wa tatu mwaka jana. Gari la shirika moja lilishusha maboksi manne. Ndani vilikuwa vitabu mia moja na ishirini, vyembamba, vya picha kubwa na maneno machache, hakuna viwili vilivyofanana. Dada aliyekuja navyo alituambia, "Hivi ni vya watoto. Wavishike, wavifunue, waende navyo nyumbani wakasomewe. Kikichakaa, ujue kimefanya kazi." Kisha akatoa karatasi ya makabidhiano. Mwalimu mkuu, Mwalimu Joel, akasaini. Mimi nikaandika jina langu chini ya lake, herufi moja moja. Maneno ya yule dada yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kilichobaki kichwani ni ile karatasi yenye jina langu na idadi.

Nina sababu yake. Nilipokuwa darasa la tano, kitabu cha hesabu tulikuwa tunakitumia watoto watatu kwa zamu. Zamu yangu ilipofika ikanyesha mvua kubwa. Tulikuwa tunaishi kwenye tembe, na paa la udongo likilowa sana linadondosha matope. Kitabu kikawa kama uji. Mwalimu akanirudisha nyumbani, nisionekane tena shuleni bila kitabu kingine. Baba alikuwa na mbuzi wawili, na mwaka ule ulikuwa wa njaa. Alisema, "Mbuzi tutakula. Karatasi haziliwi." Sikurudi. Nilikwenda Chang'ombe kujifunza useremala kwa fundi Masudi, na maisha yakaendelea. Simlaumu baba. Ila tangu siku ile, kitabu cha shule kwangu ni kitu kinachoweza kumfukuza mtoto.

Kwa hiyo nilijitolea kabati. Sikudai hata shilingi. Nilitumia mbao za paini, mgongoni nikapiga plaiwudi, mbele nikapaka rangi ya buluu mara mbili mpaka ikang'aa. Nikaweka kufuli nene.

Hapa niseme kosa la kwanza, kwa sababu ni la kazi yangu na silisingizii kwa mtu. Huku kwetu mbao haisimami kwenye sakafu ya udongo bila kupakwa oili chafu. Unakwenda gereji, unaomba oili iliyomwagwa kutoka kwenye magari, unapaka miguu na mgongo wa kabati, unaanika wiki nzima. Mchwa hawagusi. Fundi mwenye mwezi mmoja wa kazi anajua. Mimi sikupaka. Oili inanuka na inachafua, nikaona itaharibu vitabu. Nilitaka vitabu vibaki visafi kama vilivyotoka kwenye boksi.

Mwalimu wa darasa la awali anaitwa Mwamvua, mwenyeji wa Kondoa, umri wake kama wa binti yangu. Ana adabu zote za salamu, ila salamu ikiisha jiandae.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwalimu."

"Kabati zuri. Umetupendezeshea darasa. Na hilo kufuli la nini?"

"La kulinda vitabu."

"Visiibwe na nani? Wezi wa huku wanaiba nondo na saruji. Sijasikia aliyeiba hadithi ya kuku."

"Nalinda visiharibiwe na watoto," nikasema.

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka. "Baba, mtoto wa miaka mitano hajifunzi kusoma kwa kutazama kufuli."

"Ijumaa nitafungua. Atatazama."

Mwalimu Joel alikuwa mlangoni, anasikia yote. Saini yake ilikuwa juu ya yangu, na wakaguzi wanapokuja wanahesabu vitabu, hawahesabu watoto waliovisoma. Nadhani alishukuru kwamba mtu mwingine ndiye anayeonekana mkorofi.

Utaratibu niliuweka mimi. Ijumaa saa nne nafika shuleni. Watoto arobaini na mmoja wanakwenda bombani kunawa kwa sabuni, wanarudi, wanakaa kwenye mkeka, wanainua mikono juu mpaka ikauke. Asiyenawa hapewi. Anayelamba kidole ili afunue ukurasa ananyang'anywa. Natoa kitabu kimoja kwa kila mtoto, wanatazama nusu saa, nakusanya, nahesabu, nafunga. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Walikuwa kimya kama waumini.

Mjukuu wangu Anitha alikuwa mmoja wa wale arobaini na mmoja. Mama yake, binti yangu Aneth, anauza samaki kwenye bwawa la Mtera, na mtoto ametuachia sisi. Ijumaa ya kwanza Anitha alipata kitabu chenye samaki mkubwa wa baharini, samaki mwenyewe anazidi mtumbwi. Akasimama na kutangaza, "Huyu ni wa Mtera! Mama anamkata vipande!" Darasa zima likacheka. Mwamvua akamuuliza, "Anamkata kwa kisu au kwa shoka?" Na mwingine akadakia kwa Kigogo kwamba samaki yule ataenea kijiji kizima na mbwa watasaza. Palikuwa na kelele za furaha. Mimi nikagonga kabati kwa kiganja, wakanyamaza. Leo nikikumbuka nasikia ule mgongo wa plaiwudi ulivyolia, mzima kabisa, hauna hata tundu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya Juni nilihesabu vitabu nikapata mia moja na kimoja. Nikahesabu tena. Mia moja na kimoja.

"Usisumbuke, mwenyekiti," Mwamvua akasema. "Kumi na tisa ninavyo mimi."

"Viko wapi?"

"Vimeshatoka, vinakwenda nyumbani kwa watoto. Nimewafungia kwenye mifuko ya sukari ulipokuwa unakusanya vingine. Watapeana kwa zamu mpaka shule ifunguliwe."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Aliyevileta. Ulikuwepo."

"Rudisha, mwalimu."

"Sirudishi, baba. Kama umekasirika andika barua kwa afisa elimu kata. Nami nitaandika yangu. Tuone ipi itasomwa hadi mwisho."

Maneno yale ya mwisho yaliniuma kwa sababu anajua naandika kwa shida. Nadhani alijutia, maana aliinamisha kichwa. Lakini vitabu hakurudisha.

Mwezi wa saba shule ilifunguliwa na pampu ya kisima ikafa. Maji yakawa ya kuletwa na punda, dumu moja moja, na hayo yalikuwa ya kupika uji wa watoto. Hakuna maji, hakuna kunawa. Hakuna kunawa, hakuna vitabu. Nilisema hivyo hivyo, na nilisema nikiwa nimesimama wima. Mwamvua alinijibu, "Vumbi la mikononi halizuii macho." Mimi nikaondoka. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya fremu za milango kwenye majengo yanayojengwa upande wa Mtumba. Naondoka alfajiri, narudi jioni, ufunguo shingoni. Kamba ilikuwa inanikwaruza nikipiga randa, nami siivui.

Siku moja ya Jumamosi, mwezi wa nane, nilikuta Anitha amekaa mkekani na bibi yake. Mke wangu Raheli hakusoma kabisa. Walikuwa wametoka kula, na kati yao kulikuwa na kimoja cha vile kumi na tisa. Kilikuwa cha punda aliyebeba madumu ya maji anayetafuta njia ya kurudi nyumbani. Anitha alikuwa anapitisha kidole chini ya maneno, anasoma kwa sauti ya Mwalimu Mwamvua kabisa: "Punda akauliza, nyumbani ni wapi?" Raheli akajaribu kufunua ukurasa. Anitha akamzuia mkono. "Bibi, hapo sijafika."

"Hajui kusoma huyo," nikasema. "Amekariri."

Raheli hakuinua kichwa. "Na wewe sala ya Baba Yetu uliisoma wapi kabla ya kuikariri?"

Mimi nilikuwa nimeshaona ukurasa. Juu ya sikio la punda palikuwa na alama ya mlenda, ya kijani, inateleza bado. Kidole cha mtoto kimetoka kwenye bakuli kikaingia kwenye kitabu.

Nikakichukua.

Raheli akasema, "Eliakimu, mwache amalize."

"Akimaliza kitakuwa mboga."

Anitha hakulia. Ningependa kusema alilia, kwa sababu mtoto akilia unamwonea huruma ukabadili nia. Aliniangalia tu akasema, "Babu, punda hajafika nyumbani."

"Atafika Ijumaa," nikasema. "Pampu ikipona."

Nilifuta mlenda kwa pindo la shati. Jumatatu nikapitia shuleni kabla ya kazi, nikafungua kabati kidogo tu, upana wa kiganja, nikakisukuma kitabu juu ya vingine, nikafunga. Sikuangalia ndani. Kwa hiyo ndani vikawa mia moja na viwili, nje kumi na vinane. Siku ile nilihisi nimerudisha kondoo zizini.

Pampu ilitengenezwa katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mwamvua alinipigia simu mwenyewe. "Baba, maji yametoka. Wamebakiza wiki mbili wamalize awali, Januari wanaingia la kwanza. Njoo ufungue. Sitaki kugombana, nakuomba."

Nilikwenda Ijumaa ile. Nilivaa shati safi. Mwalimu Joel naye alikuja na daftari la kumbukumbu, kwa sababu wakaguzi walikuwa wanatarajiwa. Watoto walinawa kwa fujo, maana maji yalikuwa mageni kwao, wakarudi na nguo zimelowa hadi tumboni. Wakakaa mkekani. Wakainua mikono yote juu, themanini na miwili, inachuruzika maji, inasubiri kukauka. Anitha alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amemwambia jirani yake kwamba yeye anachukua cha punda, na jirani asithubutu.

Nikavua ufunguo. Kufuli lilifunguka vizuri. Milango ya buluu ilikuwa inang'aa kama siku niliyoipaka. Vitabu vilikuwa vimesimama kwa mpangilio, migongo imenitazama, mizima, rangi zote. Nikapumua.

Nikavuta cha kwanza. Kikaja jalada na kipande cha udongo. Kurasa hazikuwepo. Nikavuta cha pili, kikavunjika mkononi kama andazi lililokauka. Nikavuta viwili kwa pamoja vikaja vimeshikana kwa matope, na ndani ya matope mchwa weupe wanakimbia. Nikasukuma rafu ya juu kwa mkono, rafu ikaanguka, na nyuma yake hapakuwa na plaiwudi. Palikuwa na ukuta wa darasa na njia za mchwa zinapanda kutoka sakafuni, nene kama vidole.

Cha punda kilikuwa juu, nilipokiacha. Walikuwa wameanzia kwenye sikio. Labda ni bahati tu, labda walipenda mlenda. Nilikifunua nikaona sehemu ya dumu moja na nusu ya neno. Ukurasa wa mwisho haukuwepo.

Mwalimu Joel alisema, "Mungu wangu, ukaguzi." Hilo ndilo alilosema.

Mtoto mmoja nyuma akauliza, "Mwalimu, mchwa wamesoma vyote?" Wengine wakacheka. Watoto wanacheka, si kosa lao. Mimi nilikuwa nimeshika jalada tupu nasubiri Mwamvua aniambie. Alikuwa na haki ya kuniambia lolote mbele ya mtu yeyote, na nilishajiandaa kunyamaza. Hakuniangalia. Aliangalia mkeka, ambapo mikono ilikuwa bado juu, sasa mikavu kabisa.

"Watoto," akasema, "shusheni mikono."

Niliitisha mkutano wa wazazi Jumapili baada ya ibada na nikasema kama nilivyosema hapa. Nilisema kabati ni langu, sikulipaka oili, kufuli ni langu, sheria ya kunawa ni yangu. Luka, ambaye tulichunga pamoja ng'ombe tukiwa wadogo, alisimama nyuma akanisalimia kwa Kigogo. "Mbukwa, fundi. Hata mchwa wamekusifia. Wanasema mbao zako ni laini, wataleta na ndugu zao." Watu walicheka na mimi niliacha wacheke. Kisha mama mmoja, simtaji jina, aliuliza bila kucheka, "Mwanangu hakuwahi kuleta kile kitabu cha zamu. Mlisema zamu yake bado. Sasa zamu yake ni lini?" Nilijiuzulu uenyekiti palepale. Hakuna aliyenizuia.

Baada ya hapo nilitengeneza rafu mbili fupi, za kufika kifuani kwa mtoto, wazi, hazina mlango. Mbao niliipaka oili chafu nikaianika siku tisa. Miguu nimeisimamisha kwenye makopo, mchwa wasipande. Inanuka kidogo, na watoto hawajali. Mwamvua alivikusanya vile kumi na vinane kutoka majumbani akavipanga. Viwili havina jalada. Kimoja kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Kingine kina alama ya kikombe cha chai, na chote kinanuka moshi. Vyote vinasomeka tangu mwanzo hadi mwisho. Siku niliyopeleka rafu alinisalimia, "Shikamoo, fundi." Hakusema mwenyekiti, na hakusema baba. Kisha akasema, "Asante kwa rafu," na akarudi kwa watoto wake wapya.

Shirika niliwapigia mimi. Yule dada alisikiliza, akaniambia mgao wa shule yetu ulikwisha kutolewa, ataulizia. Mpaka leo anaulizia.

Anitha ameingia darasa la kwanza. Hamkasirikii mtu. Mwezi uliopita nilimnunulia kitabu mjini, kipya, chenye picha ya mbuzi. Nilipomnyooshea, aliweka mikono nyuma ya mgongo. Nikamwambia, "Shika, ni chako." Akasema, "Sijanawa." Raheli alikuwa anapepeta mtama, akaacha kupepeta. Mtoto alikwenda nje, akanawa, akarudi, akasimama mbele yangu na mikono juu. Alisubiri ikauke. Alipokishika aliniuliza punda alifika nyumbani au hakufika. Nilimwambia sijui. Kitabu kilikuwa mikononi mwangu siku nzima ya Jumapili ile na sikukisoma.

Hesabu yenyewe ni hii. Vilikuja vitabu mia moja na ishirini. Vimebaki kumi na vinane, vile nilivyokatazwa kuvifungia. Kwa mwaka mzima nililifungua kabati kwa ajili ya watoto Ijumaa kumi na moja, nusu saa kila Ijumaa, na hizo ni saa tano na nusu. Watoto walikuwa arobaini na mmoja. Mwalimu wa darasa la kwanza aliwapima mwezi wa pili: kumi na wanne wanasoma maneno mafupi, na wote kumi na wanne ni wa nyumba zilizofikiwa na zamu ya vitabu vya Mwamvua. Ishirini na saba hawasomi. Anitha ni mmoja wa hao ishirini na saba.